Ritifaa Si Pambo
Mtafiti anayekusanya simulizi za Waluo wa Homa Bay au Wakuria wa Migori hawezi kuikwepa ritifaa: ng'ato ya Kijaluo ni mtu, amang'ana ya Kikuria ni mambo. Katika matini tupu zipelekwazo kwa mpangaji chapa, alama hiyo ndiyo huangamia kwanza. Ritifaa iliyopinda husimbwa kwa baiti 3 katika UTF-8; programu ikizisoma kwa usimbaji wa zamani wa Windows, hutokea ngâ€™ato. Afadhali uchafu huo, maana huonekana! Balaa ni mhariri anayeufuta tu, hata ng'oa ya Kiswahili ikawa ngoa, yaani wivu, na msomaji asishuku. Usimbaji na utajwe waziwazi faili inapokabidhiwa, na prufu isomwe na mjuzi wa lugha husika.