Mtoto Aliyejidhuru Asirudishwe Nyumbani Bila Kuulizwa

Binti wa miaka 14 hufikishwa idara ya dharura usiku, amelala kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, mama yake akieleza kwamba amekunywa sumu kwa bahati mbaya. Daktari wa zamu hufanya lile analolijua vyema: huangalia njia ya hewa, huweka dripu, hutoa dawa ya kukabili sumu ikiwapo. Baada ya siku chache binti huweza kusimama na kunywa uji, naye huruhusiwa kwenda nyumbani. Katika jalada lake huwamo aina ya sumu, vipimo vya dawa na tarehe. Sababu ya kuinywa haimo, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Hiyo ni nusu ya tiba. Aliyewahi kujaribu kujiua yumo katika hatari kubwa ya kujaribu tena, na wiki za mwanzo baada ya kutoka wodini ndizo za kuhofiwa zaidi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29.

Wapo watumishi wanaohofu kwamba kuuliza kutampandikizia mtoto wazo asilokuwa nalo. Hofu hiyo inaeleweka, lakini tafiti zimeikanusha. Nchini Marekani, Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ilitunga dodoso fupi la maswali manne kwa ajili ya vijana, ambalo muuguzi hulimaliza kwa dakika chache. Si lazima kumsubiri daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye katika hospitali nyingi za wilaya hayupo. Panahitajika muuguzi, kiti, pazia, na mzazi kuombwa atoke nje kidogo. Hilo la mzazi ndilo gumu kuliko yote, maana wengi huliona kuwa dharau. Tena yawezekana anayemtesa mtoto ndiye aliyemleta. Aliyefeli mtihani, anayedhihakiwa shuleni na anayeingiliwa na ndugu wa nyumbani hufika na dalili zilezile, na hakuna kipimo cha damu kitakachowatofautisha.

(Yuko pia kijana anayeletwa amefungwa kamba, akipiga kelele, watu wakisema ana mapepo. Huyo achunguzwe kwanza sukari, malaria na homa ya uti wa mgongo, kabla ya yeyote kutamka neno kichaa.)

Uongo wa mama yule una chanzo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia hulijua hilo hata zisipowahi kukisoma. Matokeo yake ni daktari kupewa habari za uongo palepale anapohitaji ukweli. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo kinakiuka katiba. Wabunge wa Tanzania wanayo sababu ya kuusoma uamuzi huo. Kwa sasa, mama aambiwe mapema kwamba tiba haitasubiri fomu ya polisi, na kwamba hakuna atakayemkaripia mwanawe.

Kabla ya binti kuruhusiwa, muuguzi na familia wakubaliane waziwazi: dawa za mazao na vidonge vifungiwe kwa kufuli, ijulikane nani atalala naye chumba kimoja, na siku ya kurudi kliniki iwe ndani ya wiki moja. Mzazi asiyepewa siku hiyo anayo haki ya kuidai. Ichukuliwe pia namba ya simu ya shangazi au bibi ambaye binti mwenyewe anamwamini. Asipotokea kliniki, simu ipigwe siku hiyohiyo.