Bonde la Msimbazi: Mlango wa Upepo na Njia ya Maji

Na Abdulrahman Shomvi

Katika miezi ya kaskazi, tangu Disemba hata Machi, jua linapokuwa utosini na wakazi wa Dar es Salaam wakawa hawana la kuzungumza ila joto, iko neema moja inayowafikia kila siku pasipo kuitwa wala kulipiwa, nayo ni upepo wa bahari. Huanza kuvuma kwa haya mnamo saa nne au saa tano za asubuhi, ukakaza baada ya adhuhuri, ukafikia upeo wa nguvu zake wakati wa alasiri, kisha ukalegea taratibu jua likichwa. Na usiku wa manane, nchi kavu ikiwa imepoa kuliko maji, upepo hugeuka ukatoka bara kwenda baharini, na huo ndio mabaharia wetu wauitao umande. Wavuvi wa ngalawa wa Kunduchi na Msasani hutoka alfajiri kwa umande na kurejea alasiri kwa upepo wa bahari, na desturi hiyo ilikuwapo kabla Sayyid Majid hajaanza kujenga mji wake hapa katika miaka ya 1860.

Sababu ya mwendo huu ni nyepesi kufahamika. Ardhi hushika moto upesi na kuuacha upesi, ilhali bahari hupokea joto la jua pole pole na kulihifadhi hata usiku. Basi jua linapopanda, hewa iliyo juu ya nchi kavu hupata moto, ikawa nyepesi, ikapaa, na mahali pake huingia hewa ya baharini iliyo nzito na baridi zaidi. Na kwa kuwa kaskazi yenyewe hutoka upande huo huo wa bahari, pepo mbili hizi husaidiana mchana, ndiyo maana alasiri ya Januari ufuoni Msasani minazi huinama, ilhali mtu aliye Manzese au Tandale, mwendo usio mrefu kutoka hapo, huketi barazani na upepeo mkononi akingoja masalio ya upepo ule ule yamfikie.

Walakini upepo wa bahari hauji mtupu. Huja umebeba mvuke, na kadiri unavyosafiri kuelekea bara ndivyo unavyokutana na hewa yenye moto mkali zaidi, mpaka ufikapo kwenye miinuko ya Pugu na Kisarawe hulazimika kupanda. Kaskazi ikiwa imara, mawingu yanayozaliwa huko aghalabu hutawanywa kabla hayajakomaa. Bali nyakati za tanga mbili, vuli inapokwisha au masika yanapobisha hodi, pepo kubwa zikiwa zimelegea na hewa imejaa unyevu, mawingu hayo hurundikana kwenda juu kilomita kumi na zaidi, mahali ambapo maji huwa barafu hata katika nchi za joto kama yetu. Huko chembe za barafu hugongana na kupeana chaji, na chaji hizo zikizidi kiasi umeme hulipasua anga, ukaipasha hewa iliyo katika njia yake moto ukadiriwao kuupita ule wa uso wa jua kama mara tano, na hewa hiyo, kwa kutanuka ghafula, ndiyo itoayo ngurumo.

Ngurumo hiyo humletea mwenye kuisikiliza habari yenye manufaa. Sauti huenda kilomita moja kwa muda wa sekunde tatu hivi, kwa hiyo aliyeona mmweko wa umeme akahesabu sekunde tisa kabla ya kusikia mshindo, na ajue kwamba radi imepiga kilomita tatu tu kutoka alipo, na kwamba ya pili yaweza kumpata yeye. Nahodha mwenye hadhari, aonapo wingu jeusi limesimama upande wa bara na upepo wa bahari umekatika mara moja, hushusha tanga kabla ile hewa baridi inayoporomoka kutoka winguni haijamkuta. Naye mkulima wa Kisarawe asikimbilie chini ya mwembe, maadamu mti mrefu uliosimama peke yake ni miongoni mwa vitu vinavyopigwa na radi kwanza.

Sasa niulize: mvua ya mawingu hayo ikishaanguka, maji yake huenda wapi? Mto Msimbazi huanzia katika miinuko ile ile ya Pugu, ukateremka kupita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, ukapokea mito ya Ubungo na Sinza, kisha ukaingia baharini penye mikoko ya daraja la Selander, baina ya Upanga na Kinondoni. Maji yaliyotoka baharini yakiwa mvuke mabegani mwa upepo hurejea baharini kwa bonde hili. Na upepo wenyewe, uingiapo mjini kutoka kaskazini mashariki, hukuta katika kinywa cha bonde hili hili nafasi ya wazi ya kupitia, ilhali penginepo pengi hukabiliwa na ukuta wa majumba. Bonde moja lina kazi mbili, kuingiza hewa na kutoa maji, na mwenye kulijaza kifusi na zege huunyima mji pumzi na kuyafungia maji njia kwa tendo moja.

Haya waliyajua waliotutangulia. Ramani kuu ya mji ya mwaka 1949, iliyotungwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb katika enzi ya Waingereza, ilikusudia mabonde na sehemu za wazi ziachwe kuwa njia za upepo, ili hewa ya baharini ipenye baina ya mitaa. Insafu yatulazimisha kusema pia kwamba ramani hiyo ilikuwa na dhulma ndani yake, kwani njia hizo hizo za upepo zilifanywa kuwa mipaka ya kutenga mitaa kwa daraja za wakazi, na siku zile kutaja daraja ilikuwa ni namna ya adabu ya kutaja rangi: Wazungu walikwisha kujitwalia Oysterbay, penye ufuo na upepo wa kwanza, na Waafrika wakapangiwa Kariakoo na Ilala, nyuma ya mji. Dhulma ile ilistahili kufutwa na uhuru, na hikima ile ilistahili kurithiwa na watoto wa uhuru. Lakini tumeuacha urithi ukiliwa kipande kwa kipande, leo gereji, kesho bohari, keshokutwa nyumba za kupanga, mpaka njia ya upepo imebaki kuwa jina ndani ya makaratasi ya zamani.

Malipo ya uzembe huo yalidhihiri Disemba 2011, mvua kubwa ziliponyesha tangu tarehe 20 hata 22, Msimbazi ukafurika, watu zaidi ya 40 wakafa na maelfu wakakosa makazi. Baadhi ya waliookoka walihamishiwa Mabwepande, mbali na masoko na vibarua vilivyowalisha, na wapo waliorudi bondeni kwa sababu njaa ya leo humkabili mtu kwa karibu kuliko mafuriko ya mwakani. Tangu hapo maji yamerudia tena na tena, na barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa mara nyingi, mji ukakatika vipande viwili kwa mvua ya saa chache.

Najua hoja za upande wa pili, nazo si za kupuuzwa. Maskini aliyejenga bondeni hakufanya hivyo kwa ukaidi. Mji ulimwita aje kuujenga, kuufagilia na kuuchuuzia, wala haukumpa kiwanja kingine kilicho karibu na riziki yake. Tajiri naye husema kwamba kiwanja cha pwani kina thamani kubwa, kwa hiyo hana budi kukijenga chote tangu ukingo hata ukingo, na kwenda juu kadiri fedha zinavyoruhusu. Huyu wa pili namjibu kwamba jumba refu peke yake halina dhambi, kwa kuwa upepo huweza kulizunguka. Madhara huja majumba kumi yanapopangwa bega kwa bega mbele ya bahari, wenyewe wakafunga vioo vya madirisha, wakawasha viyoyozi, wakanunua ubaridi wao kwa fedha na kuumwaga moto wao nje, juu ya jirani asiye na uwezo wa kununua. Upepo ule hakuuumba yeyote katika wao, na kiwanja alichonunua mtu ni ardhi iliyo chini ya miguu yake, wala hakuna hati iliyompa milki ya hewa ipitayo kuwaendea wengine.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na sharia iliyo wazi juu ya mambo ya namna hii. Kisima, makaburi au shamba likishawekwa wakfu kwa manufaa ya watu, halikuuzwa, halikurithiwa, wala kadhi hakuthubutu kuligawa. Bonde la Msimbazi, tangu miinuko ya Pugu hata mikoko ya Selander, lapasa kupewa hadhi iliyo sawa na hiyo katika sheria za nchi: liwe malisho, bustani, viwanja vya michezo na mikoko, lisiwe na bei. Waliomo ndani yake walipwe fidia kabla ya kuvunjiwa, wapewe makazi yaliyo karibu na kazi zao, na gharama hizo zibebwe na mji mzima, maana mji mzima ndio utakaopata hewa na usalama. Na katika ufuo wote, mwenye kuomba kibali cha jumba refu atakiwe kuonyesha kwanza upepo utapita wapi baada yake, kama anavyotakiwa kuonyesha maji taka yatakwenda wapi.

Kwa kuwa sheria bila ya macho ya watu hulala, nawaomba madiwani wa jiji letu jambo moja wanaloweza kulitimiza kabla ya vuli ijayo: kila ombi la kujenga au kumwaga kifusi bondeni libandikwe hadharani katika ofisi za kata zinazolizunguka kwa siku 90, likiwa na jina la mwombaji na jina la ofisa anayekusudia kulipitisha. Wakazi wa Kigogo, Magomeni na Vingunguti walisome, walijadili na walipinge wakiona haja, kwa sababu wao ndio watakaolala bila ya hewa na kuamka ndani ya maji ikiwa ombi hilo litapita. Na ofisa anayeona tabu kuandika jina lake chini ya kibali cha namna hiyo atakuwa ameshajua mwenyewe kwamba hakistahili kutolewa.