Boksi la Jimmie Rodgers bila Kapkatet? Zii!

Wadau wa country hapa Chepseon, tulieni niseme. Mjomba anataka kutumia bonasi ya majani chai kuagiza boksi la Jimmie Rodgers, lile la CD 6 lililotolewa na Bear Family ya Ujerumani 1992. Wazee wenzake wanamuunga mkono: ati kila kitu kimo humo. Jimmie alirekodi 1927 hadi 1933, TB ikammaliza akiwa na miaka 35 tu. Heshima kwake.

Lakini "kila kitu"? 1950 Hugh Tracey alikuja na mitambo yake Kapkatet, hapo tu Bureti, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba huyo huyo Jimmie. Santuri zake zilishafika huku, jina likageuka Chemirocha, naye akawa nusu mtu nusu swara! Yaani msee amekufa miaka 17, na bado wasichana wetu wanamwita aje acheze.

Sawa, si sauti yake. Nawasikia. Ila kogo hajui Blue Yodel hata moja, na Chemirocha anaiimba akichuma chai.

Mjomba, kabla ulipe, nunua bando kwanza umrekodi kogo.