Sheria ya Nyuklia Ifike Tuwan

Ndugu msomaji, najua ukiona kichwa hiki utasema, "Huyu naye! Nyuklia na Tuwan wapi na wapi?" Hata mimi ningesema hivyo. Mambo ya nyuklia tumezoea kuyasikia redioni, tena ya watu wa mbali. Mwezi wa Mei 2024 wakazi wa Uyombo, kule Kilifi, waliandamana kukataa kituo cha umeme wa nyuklia kisijengwe kwao, na polisi wakawatawanya. Mwaka uliofuata Siaya nayo ikaanza kutajwa. Kutoka Kitale hadi Kilifi ni zaidi ya kilomita 800, kwa hivyo mtu wa hapa anaona hayo si yake.

Ni yake, na aliyenifanya nione hivyo ni mjomba wangu.

Mjomba ananunua vyuma kuukuu. Vijana wanamletea kwa mikokoteni, anapima kwa mizani, anapasua kwa nyundo na patasi ili atenge shaba na risasi, kisha lori linakuja kuchukua. Jumamosi mimi humsaidia kuchambua. Muhula uliopita niliazima kitabu cha Fizikia cha Kidato cha Nne, nikamwonyesha ile alama ya hatari ya miale, yenye mapanga matatu kama feni, meusi juu ya manjano. Nikamwambia, "Mjomba, ukiona hii usiguse." Akaitazama sana. Kisha akauliza, "Nisipogusa, nimwambie nani? Na nikienda polisi, si wataniuliza nimeitoa wapi, nilale ndani?"

Sikuwa na jibu.

Sikumwonyesha alama hiyo bure. Mwaka wa 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, kliniki moja ilihama ikaacha mashine ya kutibu saratani ndani ya jengo lililobaki gofu. Wanaume wawili wakaing'oa sehemu yake na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, mtu kama mjomba kabisa. Ndani mlikuwa na sesiamu-137, iliyong'aa samawati gizani. Watu wakaona ajabu, wakagawia jamaa na marafiki. Mtoto wa kike wa miaka sita aliichezea, akala chakula kwa mikono hiyo hiyo. Watu wanne walifariki, naye akiwa mmoja wao. Zaidi ya watu 100,000 walipimwa. Na unajua nani aligutuka? Ni mke wa yule mnunuzi, Maria Gabriela Ferreira. Alipoona watu wa nyumbani wanaugua, kile kifaa kikatiwa mfukoni akakipeleka kwa madaktari kwa basi. Yeye pia alikufa.

Sheria ilikuwapo! Kliniki ilitakiwa kuwaarifu waliotoa leseni kabla ya kuhama, nayo haikuwaarifu.

Sisi pia tuna sheria. Ya kwanza, ya kujikinga na miale, ni ya 1982. Mwaka wa 2019 ikaja Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyounda mamlaka ya kutoa leseni na kukagua mashine za eksrei, za saratani na vifaa vya viwandani. Jambo moja nalisifu: wanaotaka kujenga kituo cha nyuklia wako katika shirika lingine. Mchezaji asishike filimbi.

Lakini sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, ilhali kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Atakayekutana na kifaa kilichopotea si mkaguzi kutoka Nairobi. Ni mjomba na patasi yake. Nataka kila penye mizani ya vyuma na kila penye kuchomelea pabandikwe tangazo la Kiswahili lenye alama hiyo, pamoja na ile mpya ya 2007 yenye fuvu na mtu anayekimbia (hiyo hata asiyesoma ataelewa), na nambari ya simu ya bure. Tena iandikwe wazi kwamba anayetoa habari hatashikwa kwa kuwa nacho.

Rafiki yangu mmoja amenipinga. Anasema wezi wa vyuma watajificha hapo. Huenda. Lakini wizi unaweza kuchunguzwa baadaye, kifaa kikiwa mahali salama. Sesiamu haina swichi. Mashine ya eksrei ukiizima miale inakwisha, lakini sesiamu-137 huchukua miaka 30 hivi kupungua nusu tu. Mwenye hofu akiificha chini ya kitanda, wanaolala hapo ni watoto.

Nimeichora alama ile kwenye kipande cha bati, mjomba ameitundika juu ya mizani. Mwalimu mlezi wa chama chetu amekubali kutusaidia kuiandikia mamlaka hiyo barua, kwa Kiswahili. Anayetaka kuandika pamoja nami anitafute Kidato cha Tatu, saa ya chakula cha mchana.