Mbwembwe za Nani Huruhusiwa Uwanjani?

Katika isimu hufundishwa kwamba ishara haina maana peke yake. Maana huzaliwa baina ya anayeitoa na anayeipokea, na aghalabu mpokeaji ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kanuni hii inadhihirika katika historia ya klabu ya Sydney Swans ya Australia. Wachezaji wake wawili walifanya mbwembwe katika uwanja mmoja wakiwa na jezi za klabu moja, lakini walipokewa kwa namna mbili zisizolingana hata kidogo.

Kandanda ya Kiaustralia huchezwa na watu 18 kila upande, kwa mikono na miguu, katika uwanja wenye umbo la yai. Swans walihamia Sydney kutoka Melbourne mwaka 1982, wakaukuta mji uliotawaliwa na raga. Walihitaji mtu wa kuvuta macho. Walimpata Warwick Capper, mshambulizi aliyeanza kuwachezea mwaka 1983. Alivaa kaptura ya kubana, akafuga nywele ndefu za rangi ya dhahabu, na alipopaa juu ya mabega ya wapinzani kuudaka mpira, umati ulishangilia kwa kelele. Uwezo pia alikuwa nao: mwaka 1987 alifunga mabao 103. Mwaka 1988 alikwenda Brisbane Bears kwa donge nono, lakini nyota yake ikafifia. Alirejea Sydney mwaka 1991, akaagana na ligi kuu akiwa na mechi 124 na mabao 388. Wapo waliomcheka, ila kicheko hicho kilikuwa sehemu ya burudani aliyoiuza.

Adam Goodes alimzidi kwa mafanikio. Alitwaa medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, mwaka 2003 na 2006. Akawa bingwa mwaka 2005 na 2012, na Mwaustralia wa Mwaka 2014. Kwa upande wa mama, yeye ni wa jamii za wenyeji asilia wa nchi hiyo. Mei 2013 alipinga hadharani kuitwa nyani na shabiki. Katika misimu iliyofuata, mashabiki wa timu pinzani walizoea kumzomea. Tarehe 29 Mei 2015, katika raundi ya kuwaenzi wenyeji asilia, alifunga bao dhidi ya Carlton, kisha akacheza ngoma ya vita aliyofunzwa na vijana wa asili yake, akaigiza kurusha mkuki. Mkononi hakuwa na kitu, lakini nchi nzima ilizozana. Zomeazomea ilishika kasi, na Septemba mwaka huo akastaafu bila kujitokeza kuagwa siku ya fainali.

Wapo wanaodai kwamba alizomewa kwa sababu ya uchezaji wake tu. Dai hili halina mashiko. Juni 2019, ligi hiyo pamoja na klabu zake zote 18 zilimwomba radhi bila masharti, zikikiri kwamba alizomewa kwa ubaguzi wa rangi na kwamba hazikumtetea ipasavyo.

Tofauti iko wapi, basi? Mbwembwe za Capper hazikumdai mtazamaji chochote ila tiketi. Ngoma ya Goodes ilimkumbusha kwamba ardhi aliyoikalia ilikuwa na wenyewe. Ndiyo maana maneno yaliyotumika yalikuwa tofauti: madaha ya mmoja yaliitwa ucheshi, ya mwingine yakaitwa uchokozi.

Walimu wenzangu, hili halihitaji safari ya kwenda Sydney. Wanafunzi wawili wanaweza kuuliza swali moja kwa sauti moja, mmoja akaitwa mdadisi na mwenzake mjuaji. Kabla ya kuyakubali majina hayo, tuwafunze wanafunzi kuuliza: ni nani aliyeyatoa, na yanamlinda nani?