Vitabu vya safari visiwasahau wasafiri wenyewe

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kasindi, kisha Beni hadi Butembo, hahitaji kufundishwa maana ya safari ya hatari. Anaijua barabara wakati wa mvua, na anaujua usiku wa kulala njiani na mzigo wa mkopo. Lakini akiingia maktaba kutafuta kitabu cha safari za kweli, mara nyingi atakachokuta ni habari za mgeni, katika lugha ya mgeni.

Mlima ulio juu ya Kasese ni mfano mzuri. Kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, kilipandwa mwaka 1906 na msafara wa Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia. Mizigo ilibebwa na wapagazi, Wakonzo wakiwa miongoni mwao. Miaka miwili baadaye kitabu cha msafara huo kilitoka Ulaya. Kilele kina jina la malkia wa Italia hadi leo, lakini ni nani kati yetu anayeweza kumtaja mpagazi mmoja kwa jina?

Si kwamba Waswahili hawakusimulia safari zao. Mwaka 1901 ulichapwa Ujerumani mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, ambamo Salim bin Abakari anaeleza alivyofika Urusi na Siberia. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, naye aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, zikiwemo safari zake za biashara Kongo ya mashariki. Aliuza pembe za ndovu na watu pia. Ubaya huo usifichwe, bali vijana wausome na kuujadili.

Jambo hili linawahusu wafanyabiashara kwa karibu. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mtoto wa Bwera anakisikia Kiswahili sokoni kila siku, lakini asipopata kitabu cha kumvutia, kitabaki kwake lugha ya kuulizia bei tu.

Maktaba za umma nchini Uganda zinasimamiwa na serikali za mitaa. Ni rai yetu kwamba kila zinapoagiza vitabu vipya vya safari na ujasiri, zitenge rafu ya vitabu vya Kiswahili na vya milima yetu wenyewe. Zifunguliwe pia saa ambazo mtu wa soko ana nafasi. Tena ziwaite wazee waliofanya biashara ya chumvi ya Katwe na kahawa ya milimani, wasimulie na habari zao ziandikwe, kwa Lukonzo na kwa Kiswahili.

Nanyi wafanyabiashara msingoje serikali pekee. Anayekwenda Nairobi au Dar es Salaam kufuata bidhaa anaweza kurudi na kitabu kimoja kwa ajili ya maktaba ya kwao. Uzito wake ni mdogo kuliko jozi ya viatu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Safari zetu nazo ni mali, na hadi leo hazina daftari.