Tusiwafungie Maskini Mlango wa Sikukuu

Sisi ni wazee wa kanisa katika usharika mmoja wa vijijini, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kwa miaka mingi tumekaa kwenye kamati za sikukuu: Krismasi, Pasaka, Pentekoste, Mavuno. Tunaandika haya kwa sababu tumefanya kosa, na tunaamini hatukulifanya peke yetu.

Mwaka mmoja mvua za masika zilikatika mapema na mahindi yakanyauka yakiwa yanatoa mbelewele. Hata hivyo kamati yetu ilikaa na kupanga kiwango cha Sikukuu ya Mavuno kama kawaida: kila kaya debe moja la mahindi, au thamani yake kwa fedha. Siku ilipofika tukasoma majina ya waliotoa. Baada ya ibada ukafuata mnada. Jogoo mmoja alipandishwa bei mpaka akafikia bei ya mbuzi, watu wakapiga vigelegele, nasi tukasema Bwana ametutendea mema.

Kiti cha mama mmoja mjane kilikuwa kitupu. Ni mtu wa kila Jumapili, mvua inyeshe jua liwake. Katikati ya juma tukaenda kumjulia hali, tukidhani anaumwa. Baada ya kumwamkia tukamuuliza, “Mama, mbona Jumapili hatukukuona?” Akatujibu bila hasira: “Wanangu, ningeingiaje mikono mitupu nanyi mnasoma majina? Mahindi niliyo nayo ni debe mbili, na wajukuu ni wanne.”

Hatukuwa na jibu. Mtu aliyehitaji kuliko wote kusikia kwamba Mungu hajamwacha alizuiwa asisikie, na waliomzuia ni sisi.

Tangu siku ile tumeupitia mwaka wa Kanisa kwa macho mengine, na tuliyoyaona hayatupendezi. Krismasi ni habari ya mtoto aliyelazwa horini, lakini mtoto asiye na nguo mpya hubaki nyumbani kwa aibu. Mabasi ya kuja Moshi hujaa mwezi wa Desemba, na furaha ya kuwapokea ndugu ni kubwa; lakini wapo vijana wetu walioko mijini ambao miaka inapita hawajaonekana kwao. Hawajawasahau wazazi wao. Wanaogopa kufika bila kitu huku mwenzao amechinja ng’ombe. Pasaka nayo ina kitenge cha sare, na mama asiyeweza kukinunua husimama pembeni wenzake wanapoimba.

Sasa itazameni Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Huangukia Alhamisi, siku ya 40 tangu Pasaka. Kwetu si siku ya mapumziko kiserikali. Haina sare, haina pilau, wala haina mnada. Haina watu pia. Sikukuu isiyo na matumizi haituvuti, ingawa katika Imani tunaikiri kila Jumapili kwamba alipaa mbinguni. Hapo ndipo tunapojua tulichokuwa tukikipenda katika zile nyingine.

Wapo wanaosema dawa ni kuziacha sikukuu kabisa, kwamba hazikuamriwa katika Agano Jipya. Hatukubaliani nao. Mwanadamu husahau, na kalenda humkumbusha. Bila Ijumaa Kuu tungeukimbia msalaba. Bila Majilio tungesahau kungoja. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea ulitaka Wakristo wote waiadhimishe Pasaka siku moja, wasije wakawa hawa wanafunga na wale wanashangilia. Wale mababa walihangaika ili Kanisa la nchi nyingi lifurahi kwa pamoja. Je, si aibu kwamba sisi wa njia moja, tunaochota maji kwenye mfereji mmoja, hatuwezi?

Wengine hutujibu kwa Maandiko: Torati imekataza mtu kutokea mbele za Bwana mikono mitupu. Ni kweli, imeandikwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 16, mstari wa 16. Lakini anayeishia hapo amefunga kitabu mapema. Mstari wa 17 unasema kila mtu atoe kadiri alivyobarikiwa. Na kabla ya hapo, sura hiyohiyo imekwisha kuwataja kwa wazi watakaofurahi katika sikukuu: pamoja na wenye nyumba wamo mtumwa, mgeni, yatima na mjane. Hao hawakualikwa kama wachangiaji. Walialikwa kama wenye haki ya kufurahi.

Tena someni Mambo ya Walawi sura ya 23, mahali sikukuu za Israeli zinapopangwa moja baada ya nyingine. Katikati ya orodha ile, kwenye mstari wa 22, pameingizwa amri ambayo ungeidhani imepotea njia: mvunapo, msimalize pembe za shamba, mwachieni maskini na mgeni. Haikupotea njia. Sikukuu ya mavuno isiyomwachia maskini pembe yake ya shamba si ile aliyoiagiza Mungu. Ni juu ya sikukuu za namna hiyo nabii Amosi alitangaza kwamba Mungu anazichukia.

Basi watatuuliza, “Na paa la kanisa litaezekwa na nani?” Swali hili ni la haki, maana mabati hayaokotwi. Jibu letu ni kwamba kila jambo liitwe kwa jina lake. Ujenzi uwe ujenzi, uwe na siku yake na watu wake, na wenye uwezo waombwe kwa uwezo wao. Shukrani iwe shukrani. Hatusemi mnada ufe. Anayetaka kumnunua jogoo kwa bei ya mbuzi na amnunue, ni sadaka yake. Tunachokataa ni kiwango anachopangiwa asiye nacho, na orodha inayosomwa ili ajulikane ambaye hakutoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo haupangiwi debe.

Usharikani kwetu tumefuta kiwango. Majina hayasomwi tena. Mazao huwekwa mbele ya madhabahu kabla ibada haijaanza, kila mtu kwa wakati wake, na sehemu ya kwanza hutengwa kwa nyumba zisizovuna, ikapelekwa jioni ileile. Mwaka wa kwanza mapato yalipungua, na baadhi ya wajumbe walitulaumu mbele ya mkutano. Hatufichi hilo. Lakini tunauliza: kama mapato yale yalikuwa yanapatikana kwa kumtia mjane aibu, yalikuwa yetu kweli?

Ninyi wachungaji na wazee wenzetu, kabla ya kamati ya Krismasi inayokuja haijaanza kuhesabu fedha, ihesabu kwanza viti. Nani hakuja mwaka jana? Mwendeeni, mkamsikilize, msiende na bahasha. Nanyi wazazi mlio na watoto mijini, wapigieni simu mapema, muwaambie waje hata kama wana nauli tu. Na siku ya Kupaa ikifika, njoni, hata kama ni jioni baada ya kazi. Hakuna atakachodaiwa mtu.

Yule mama alirudi kwenye kiti chake Sikukuu ya Mavuno iliyofuata. Aliingia mikono mitupu, akaimba, akala pamoja nasi, na jioni alipelekewa debe lake. Hakuna aliyesoma jina lake.